Laubwerk: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Neno la Kijerumani la Majani ya Mti

Ukurasa huu ni wa wanaojifunza Kijerumani, wafasiri, na yeyote aliyekutana na neno Laubwerk kwenye kibao cha makumbusho au kwenye kitabu cha miti akabaki anajiuliza limetoka wapi. Maswali hayajapangwa kwa uzito. Ruka uendako.

Laubwerk ni nini hasa?

Ni majani yote ya mti yakitazamwa kama kitu kimoja: ule wingi unaofunika matawi, unaopitisha mwanga kwa vipande na kuvuma upepo unapopita. Mjerumani akisema "das dichte Laubwerk der Linde", anazungumzia majani ya mti wa linde yalivyosongamana, wala hana habari na jani hili au lile.

Lina maana ya pili, na ndiyo inayobeba historia yake: nakshi ya majani iliyochongwa kwenye jiwe au mbao, iliyofuliwa kwenye fedha, au iliyochorwa pembezoni mwa ukurasa. Watu wengi huchukulia kwamba neno lilianzia kwenye mti na mafundi wakaliazima. Mimi naona ushahidi unaelekea upande mwingine, na nitaeleza kwa nini huko mbele.

Limeundwa vipi?

Ni neno ambatani la sehemu mbili: Laub, majani kwa ujumla wake, na Werk, kazi au kitu kilichofanyizwa.

Maneno ambatani ya Kijerumani husomwa kutoka nyuma. Sisi tunaposema mwanasheria au mwanamaji, kiini kinatangulia na maelezo yanafuata. Kijerumani hugeuza: neno la mwisho ndilo lenye nyumba, yaliyotangulia ni wageni. Laubbaum ni mti (Baum) wa majani mapana. Baumlaub ni majani ya mti. Sehemu ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu, na tayari ni vitu viwili tofauti.

Neno la mwisho ndilo linaloamua jinsia ya kisarufi pia. Werk ni "das", kwa hiyo Laubwerk ni "das Laubwerk". Baum ni "der", kwa hiyo ni "der Laubbaum", ingawa Laub lenyewe ni "das".

Laub na Blatt si kitu kimoja?

Hapana. Blatt ni jani moja, nalo lina wingi wake: Blätter. Laub halina wingi, kama vile "mchanga" kwetu usivyohesabika. Huwezi kusema "Laub mbili".

Tofauti nyingine ni kwamba Laub ni la miti ya majani mapana tu. Msonobari na jamaa zake hawana Laub, wana Nadeln, yaani sindano. Ndiyo maana Wajerumani wanagawa misitu yao kuwa Laubwald na Nadelwald, mgawanyo ambao mtoto wa shule ya msingi anaujua.

Halafu kuna jambo ambalo kamusi ndogo hazilitaji. Jani likianguka, linabaki kuwa Laub. Mrundo unaofagiliwa barabarani mwezi wa Oktoba ni Laub, na ile mashine ya kupuliza majani inayoamsha mtaa mzima asubuhi inaitwa Laubbläser. Laubwerk halianguki. Yakishafika chini, majani hayawi tena Laubwerk, kwa sababu neno hilo linahitaji mpangilio: majani yakiwa mahali pake, yameshikana na matawi na kufanya umbo.

Laub lina umri gani?

Kubwa. Katika Kijerumani cha Juu cha Kale, kilichoanza kuandikwa karne ya 8, ni loub. Katika Kijerumani cha Juu cha Kati ni loup. Nyuma yake zaidi kuna Kigothi cha karne ya 4, lugha ambayo Askofu Wulfila aliitafsiria Biblia. Kwenye Marko 13:28, pale mtini unapochipua majani, tafsiri ya Wulfila ina neno laubos. Mtu anayejua Kijerumani cha leo angelitambua bila kuambiwa.

Ndugu zake wako hai kaskazini mwa Ulaya: loof kwa Kiholanzi, löv kwa Kiswidi, løv kwa Kidenmarki, leaf kwa Kiingereza.

Tukirudi nyuma zaidi ya hapo, hakuna maandishi. Kuna ulinganishaji wa lugha tu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mzizi wake ulihusu kubandua au kuchuna, na kwamba liber ya Kilatini, ambayo kwanza ilikuwa gamba la ndani la mti kisha ikawa kitabu, imetoka palepale. Kama ni hivyo, jani na maktaba ni watoto wa mzizi mmoja, na huo haukuwa na habari na mti kuchanua. Uliangalia kile kinachoweza kung'olewa.

Mbona Laub na leaf hazifanani, kama ni ndugu?

Zinafanana ukijua pa kutazama. Irabu au ya Kijerumani mara nyingi hukutana na ea ya Kiingereza: Baum na beam, Traum na dream, Laub na leaf. Na b ya Kijerumani, ikiwa katikati au mwishoni mwa neno, hukutana na f au v: halb na half, Kalb na calf, sieben na seven, geben na give. Weka kanuni hizo mbili pamoja na Laub inageuka leaf mbele ya macho yako.

Hizi si bahati nasibu. Sauti hubadilika kwa utaratibu, neno baada ya neno, na utaratibu huo ndio unaomruhusu mwanaisimu kusema "haya ni ndugu" bila kubahatisha.

Kwa nini "kazi"? Majani ya mti ni kazi ya nani?

Hapa ndipo penye utamu.

Werk kwanza ni kazi na zao la kazi. Lakini likikaa mwishoni mwa neno ambatani, mara nyingi hukusanya: huchukua vitu vingi vya aina moja na kuvifanya kitu kizima. Mauerwerk ni matofali na mawe yakiwa ukuta. Wurzelwerk ni mizizi yote ya mti ilivyojisuka ardhini. Buschwerk ni vichaka. Schuhwerk ni viatu kwa ujumla. Fachwerk ni ule ujenzi wa fremu za mbao unaoonekana kwenye nyumba za zamani za miji ya Ujerumani.

Mengi ya maneno haya yana harufu ya karakana, na ndipo tulipo na Laubwerk. Karne ya 13 wachongaji wa makanisa ya Ulaya walianza kuacha majani ya kubuni na kuchonga majani halisi, yale unayoweza kuyataja kwa jina. Mfano unaonukuliwa zaidi Ujerumani ni kanisa kuu la Naumburg, ambalo UNESCO iliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kwenye vichwa vya nguzo za upande wake wa magharibi, fundi ambaye jina lake halikuhifadhiwa, anayeitwa tu Fundi wa Naumburg, alichonga mizabibu na mimea ya kando ya njia. Jiwe limechimbwa nyuma ya jani kiasi kwamba jani linasimama lenyewe, kivuli kinapita chini yake, na mishipa yake inahesabika. Kazi hiyo ndiyo Laubwerk: majani yaliyotoka kwenye patasi.

Mwishoni mwa karne ya 15 mafundi walikwenda mbali zaidi wakaanza kuchonga matawi makavu yaliyofungamana badala ya majani. Wanahistoria wa sanaa leo huita mtindo huo Astwerk, kutoka Ast, tawi. Mwanzoni mwa karne ya 18 ukaja mtindo wa majani yanayopishana na utepe uliopindwa, Laub- und Bandelwerk, ukaenea kusini mwa Ujerumani na Austria kwenye dari, samani na vyombo. Vyombo vya kaure vya Meissen, kiwanda kilichoanza mwaka 1710, vina mifano mizuri.

Na kuna ushahidi ambao Mkristo yeyote anaweza kuukagua. Fungua Ezekieli sura ya 40 na 41, pale nabii anapoonyeshwa hekalu. Biblia ya Kiswahili inataja mitende iliyochongwa kwenye miimo na kuta. Biblia ya Kijerumani ya Martin Luther, katika matoleo yake ya kawaida, inasema Palmlaubwerk. Hakuna mti wowote pale. Ni ukuta, na majani yake ni nakshi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: neno lilikulia kwenye patasi, kisha watu wakaanza kuutazama mti wenyewe kana kwamba nao umechongwa. Ukilichukulia hivyo, "Werk" haisumbui tena, na unaelewa kwa nini jani lililoanguka linapoteza sifa ya kuwa Laubwerk: limetoka kwenye nakshi.

Je, Laubsäge ni msumeno wa kukatia majani?

Ni msumeno mwembamba wenye fremu ya upinde, wa kukata maumbo ya mviringo kwenye ubao mwembamba. Watoto wa Ujerumani huutumia shuleni. Jina limetokana na kazi yake ya awali: kukata nakshi za majani. Ukienda nao kupogoa mwembe utavunja uzi wake dakika ya kwanza.

Kuna tofauti gani kati ya Laubwerk, Blattwerk na Blätterdach?

Blattwerk linakaribiana sana na Laubwerk, na katika maelezo ya sanaa yanaweza kubadilishana. Tofauti ni ya hisia: Blattwerk linaleta macho karibu na umbo la jani, Laubwerk linayaacha yaone wingi.

Blätterdach ni kitu kingine. Ni Blätter, majani, na Dach, paa. Hapo uko chini ya mti, unatazama juu. Wanaoandika kuhusu misitu ya tropiki hulitumia kwa ule utando wa juu ambapo vilele vya miti vinagusana. Laubwerk unaweza kulitazama ukiwa ng'ambo ya barabara, ila Blätterdach lazima uingie chini yake.

Baumkrone, "taji la mti", linajumuisha matawi pamoja na majani. Mti uliopukutisha wakati wa baridi bado una Krone, ila hauna Laubwerk.

Urlaub, yaani likizo, inahusiana na majani? Nilisikia ni "kwenda kupumzika mitini".

Hadithi nzuri, lakini si kweli. Urlaub imetoka urloub ya Kijerumani cha Juu cha Kale, yaani ruhusa, na ni ndugu wa kitenzi erlauben, kuruhusu. Askari au mtumishi aliomba Urlaub kwa bwana wake ili aondoke. Likizo ya ufukweni ilikuja baadaye sana. Mzizi wake ni ule wa kupenda na kuridhia, ambao umezaa pia lieb (mpendwa), loben (kusifu) na glauben (kuamini). Umegongana kwa sauti na Laub ya mti, basi.

Kiingereza kimepata mgongano uleule: leaf ni jani, na leave ni ruhusa ya kuondoka kazini. Na hiyo leave ndiyo iliyoingia maofisini kwetu ikawa livu. Kwa hiyo mtumishi anayejaza fomu ya livu Dodoma na yule anayeomba Urlaub Stuttgart wanatumia neno la ukoo mmoja, na wote wawili hawana jani.

Na Laube? Nimeona "Gartenlaube".

Laube ni kibanda cha bustanini, mara nyingi chenye mimea inayotambaa juu yake. Louba ya zamani ilikuwa kibanda cha kujikinga au ukumbi ulio wazi upande mmoja, na wataalamu wengi wanaiunganisha na Laub kwa sababu vibanda vya kwanza viliezekwa kwa matawi yenye majani. Berlin ina bustani nyingi za wakazi zenye vibanda hivi, na wenyewe huitwa kwa utani Laubenpieper. Jijini Bern, Uswisi, Lauben ni zile baraza za mawe zilizoezekwa zinazofuata mitaa ya mji wa kale kwa takribani kilomita 6. Mvua inyeshe vipi, unanunua mkate bila kulowa. Jani halipo hata moja.

Neno hili limesafiri kuliko Laub lenyewe. Wafranki, kabila la kale la Ulaya, walikuwa na umbo lake la kale, Wafaransa wakalifanya loge, Waingereza wakalichukua likawa lodge. Kilatini cha zama za kati kililiandika lobia, likazaa lobby. Kiitaliano kikapata loggia. Na sisi tumelipata mara mbili kupitia Kiingereza: loji ya watalii kule Serengeti, na lobi ya hoteli. Mgeni anayeketi lobi ya loji, kwa historia, ameketi kibandani ndani ya kibanda.

Laubhüttenfest ni sikukuu ya nini?

Ni Sukkot ya Wayahudi, ambayo Biblia ya Kiswahili inaiita Sikukuu ya Vibanda (Mambo ya Walawi 23:34). Hütte ni kibanda. Kijerumani kimeongeza majani mbele, na kwa kweli kimepatia, maana paa la kibanda cha Sukkot hufunikwa kwa matawi na mimea.

Ni kweli Laub ni alama kwenye karata?

Ndiyo. Karata za kale za Kijerumani, zinazochezwa bado hasa Bavaria na majirani zake, hazina kopa, uru, shupaza na pau kama zetu tulizorithi kwa Wareno. Zina moyo, njuga, tunda la mwaloni, na jani. Jani huitwa Laub, Blatt au Grün, kutegemea unacheza na nani. Ukitaka kulinganisha, Laub husimama mahali pa shupaza, na moyo mahali pa kopa.

"Zittern wie Espenlaub" maana yake nini?

Kutetemeka kama majani ya espe, yaani kutetemeka mwili mzima kwa hofu au baridi. Espe ni mti wa jamii ya mpopla. Kikonyo cha jani lake kimebonyea ubavuni badala ya kuwa cha mviringo, hivyo jani halina uimara wa pembeni na upepo mdogo kabisa unalichezesha. Miti mingine ikiwa kimya, espe inametameta. Waliobuni msemo huu walikuwa na macho.

Je, Afrika Mashariki iliwahi kukutana na maneno ya namna hii?

Ilikutana na Kijerumani chenyewe, kikatuachia shule na hela (kutoka Heller, sarafu ya koloni). Kwa upande wa mimea, kuna neno ambatani moja ambalo nusu yake ni yetu: Usambaraveilchen. Ni ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, linalokaa madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya, na kwao ni milima ya Usambara, kwenye miamba yenye unyevu chini ya kivuli cha msitu. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni, aliupeleka mmea Ujerumani, na Hermann Wendland akauelezea kisayansi mwaka 1893 kwa jina Saintpaulia, kwa heshima ya familia ya mpelekaji. Watu wa Usambara waliokuwa wakilipita ua hilo kila siku hawakuulizwa wanaliitaje. Angalau Kijerumani cha kawaida kiliwataja mahali pao.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na mtaa ulioitwa Unter den Akazien, "chini ya migunga", jina lililoiga Unter den Linden ya Berlin. Leo ni Samora Avenue, na kivuli unakipata kwenye majengo.

Nikitafsiri kwa Kiswahili, niandike nini?

Kwa mti, "majani" peke yake mara nyingi yanatosha, ila kumbuka majani kwetu ni nyasi pia, na ni ya chai pia. Ukihofia utata, andika "majani ya mti" au, panapotakiwa picha, "majani yaliyosongamana". Kwa sanaa, "nakshi ya majani" inaeleweka na yeyote aliyewahi kutazama mlango wa Zanzibar.

Usitafsiri Blätterdach kuwa "paa la majani". Msomaji wa Kiswahili ataona banda la makuti. "Kivuli cha miti" au "vilele vya miti vilivyoungana" vitakufikisha.

Linatamkwaje?

Au kama kwenye "dau", lakini kwa silabi moja. B ya mwisho wa Laub husikika kama p. W ya Werk ni v. R karibu imezwe. Kwa hiyo: laup-vek, mkazo mwanzoni.

Nikitaka kuchimba zaidi, nianzie wapi?

Kamusi kubwa ya ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, Deutsches Wörterbuch, inasomwa bure mtandaoni. Juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1854 na ya mwisho mwaka 1961, muda mrefu baada ya wenyewe kufa. Nomino zake zimeandikwa kwa herufi ndogo, kwa hiyo usishangae ukiona "laubwerk". Kwa asili ya maneno, kamusi ya Wolfgang Pfeifer imewekwa ndani ya tovuti ya DWDS, kamusi ya Kijerumani ya mtandaoni; ukiandika neno inajitokeza chini ya maana za leo. Ya Friedrich Kluge, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1883 na kuhuishwa mara nyingi, utaikuta kwenye maktaba za vyuo vinavyofundisha Kijerumani. Anza na Pfeifer: maelezo yake ni mafupi, na akitaja neno la Kigothi au la Kilatini anakuonyesha lilipotoka.